Nguzo ya Frida na Mgongo wa Mama
Mwaka 1944 Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko, alijichora na nguzo iliyovunjika mahali pa uti wa mgongo, misumari mwili mzima. Niliwaonyesha vijana wangu picha hiyo, wakanyamaza. Ni picha kali kweli, ila kuna kitu nakikosa: Frida kasimama peke yake kwenye ardhi tupu, hakuna mkono unaomgusa.

Mama yangu anaumwa mwili mzima, miaka sasa. Vipimo vinasema hana kitu. Jirani humkanda kwa maji ya moto, jioni wanatembea pamoja polepole hadi bombani. Kukandwa hakujamponya, ila usiku analala. Maumivu yake hayana msumari wa kuonyesha, na jirani kamwamini hivyo hivyo. Ndugu zetu wa kliniki, anzieni hapo.