Barua Isiyosema Haja Yake

Msomaji, fungua majalada ya ofisi zetu, hutakosa barua inayoanza hivi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Hicho ni Kiingereza cha makarani wa kikoloni kilichovishwa kanzu. Kiswahili kilipofanywa lugha ya shughuli za Serikali mwaka 1967, maneno yalibadilika, ukarani ukabaki.

Sasa umehamia kwenye barua pepe. Kijana mmoja hapa Moshi, anayepokea wageni wa kupanda Mlima Kilimanjaro, alinionyesha barua aliyowaandikia Wajerumani kwa Kiingereza. Kwa kipimo cha chuo cha ualimu, sarufi haikuwa na doa. Lakini mistari sita ilikuwa ya kuomba radhi kwa usumbufu. Haja yenyewe, kwamba watume malipo ya awali kabla ya Ijumaa, ilijificha mwishoni. Wageni hawakulipa, na wapagazi wakakosa kazi ya siku saba.

Kosa si Kiingereza chake. Sekondari alikisoma kwa ajili ya mtihani. Hakufundishwa kudai kwacho. Akadhani adabu ni kupiga magoti. Kumbe nyumbani tuna neno "naomba": linatosha kwa adabu, na haja hulifuata papo hapo. Angeandika vivyo hivyo kwa Kiingereza chepesi: asanteni, naomba mtume kiasi hiki kabla ya Ijumaa, karibuni. Hao Wajerumani nao Kiingereza wamejifunza shuleni; mapambo yale hayakuwasaidia hata kidogo.