Pongezi kwa hoteli za ufukweni Bukoba

Hapa hakuna chumvi wala kupwa na kujaa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, na upepo wa jioni unataka sweta. Nawavulia kofia wahudumu wa fukwe za Bukoba kwa kutoiga Zanzibar. Mgeni anavishwa jaketi okozi, anavushwa kwa mtumbwi wa injini hadi kisiwa cha Musira. Akirudi, sato mzima kakaangwa, ndizi zimepikwa na maharage, na msimu ukiruhusu, senene wakavu wanaolia mdomoni. Mhudumu mkweli humwonyesha pia pasipofaa kuogelea, maana kichocho na mamba si hadithi. Wawekezaji, vukeni hadi visiwa vya Muleba: Bumbire na Ikuza navyo vina fukwe.