Swali la Mkulima na Jawabu la Wengi

Wahakiki wamezoea kupima mashairi, tamthilia na riwaya, nawe msomaji umefundishwa kutarajia hivyo kila uonapo neno uhakiki. Leo nakuomba tupime maandishi ya namna nyingine, ambayo hayajapata kuhesabiwa katika fasihi, wala mimi sidai kwamba yanastahili kuhesabiwa. Ni swali fupi analoliandika mkulima katika simu yake, pamoja na majibu anayoandikiwa na wakulima wenzake asiowajua kwa sura. Maandishi haya huzaliwa kila siku na kusahauliwa kila siku. Lakini kwa neno moja la jawabu lake mtu hutoa fedha mfukoni, hung'oa alichopanda au huacha kuking'oa. Shairi baya humchosha msomaji tu. Jawabu baya humla mtu msimu mzima. Basi sioni kwa nini shairi lipimwe kwa mizani ya dhahabu na jawabu liachwe lipite bila kuulizwa hali.

Tuchague mahali tunapopajua. Kibirichia iko upande wa Buuri katika Kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, nayo inajulikana kwa viazi, vile ambavyo wengi katika nyanda za juu huviita waru. Nchini Kenya kiazi ni chakula cha pili baada ya mahindi, na kwa watu wa Kibirichia ni chakula na fedha pia. Ada ya shule, dawa ya mgonjwa na mabati ya nyumba aghalabu hutoka katika gunia la viazi. Mche ukianza kulegea shambani, swali la mwenye shamba si la kujifurahisha.

Atamwuliza nani? Yupo jirani, ambaye pengine shamba lake linaugua vilevile. Yupo bwana shamba, ambaye tangu mwaka 2013 huduma yake imo mikononi mwa serikali ya kaunti. Lakini mabwana shamba ni wachache na mashamba ni mengi. Yupo mwenye duka la dawa za kilimo, na huyu hujibu upesi kuliko wote, kwa kuwa jawabu lake analo juu ya rafu na bei yake imekwisha kuandikwa. Kisha wako wale wengi walio katika simu.

Mfano mkubwa wa kuwauliza hao wengi ulikuwa huduma iliyoitwa Wefarm, ambayo katika miaka ya 2010 ilienea Kenya, Uganda na Tanzania. Haikumtaka mkulima awe na intaneti wala simu ya thamani. Aliandika swali lake kwa ujumbe mfupi, kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine zilizokubaliwa, akalituma bila malipo. Mashine ilitafuta wakulima wengine walioelekea kulijua jambo lile, ikawapelekea swali, na majibu yao yakarudi kwa muulizaji. Waliojiandikisha walizidi milioni moja. Siku hizi vikundi vya WhatsApp hufanya kazi kama hiyo, tena vina picha na sauti. Ila tabia ya swali na tabia ya jawabu ni zilezile.

Yapasa kwanza tutoe sifa palipo na sifa. Mkulima aliuliza kwa lugha anayoiota. Aliuliza usiku, saa ambayo kila ofisi imefungwa. Zaidi ya hayo, aliuliza bila haya. Wewe mwanafunzi unajua ilivyo vigumu kwa kijana kumwuliza mzee mbele ya watu jambo ambalo inadhaniwa kwamba kila mtu analijua. Binti aliyeachiwa shamba na wazazi, au mwalimu aliyestaafu na kuanza kulima akiwa na mvi, wote waliweza kuuliza maswali ya mtoto wa darasa la kwanza na hakuna aliyewacheka usoni. Kwangu mimi hili ni jema kubwa, na wanaoidharau namna hii ya kuuliza hulisahau upesi mno.

Sasa tulitazame swali lenyewe. Nitatunga la mfano: “Viazi vyangu vinanyauka. Nifanye nini?” Ni maneno matano. Limepangwa vizuri, sarufi yake haina kosa, na halina maana hata chembe kwa mtu anayetaka kulijibu kwa haki. Kiazi hunyauka kwa kiu, nacho jioni jua likipungua hurudi uhai. Hunyauka kwa wadudu waliokata mizizi. Huharibika kwa ukungu, ule ambao huanza kwa madoa meusi katika majani, ukaweka unga mweupe chini ya jani asubuhi ya umande, na kwa siku chache za baridi na mvua ukaliteketeza shamba kama moto. Na hunyauka kwa bakteria wanaoishi udongoni, ambao huziba njia za maji ndani ya shina, mmea ukalegea ungali mbichi, majani hayana doa lolote.

Magonjwa mawili ya mwisho yanafanana machoni pa mwenye haraka, lakini tiba ya moja si tiba ya lingine. Ukungu hukingwa kwa dawa ya kunyunyizia. Bakteria wa mnyauko hawaijali dawa hiyo hata kidogo. Mkulima hunyunyizia, akanyunyizia tena, fedha ikaisha na ugonjwa ukabaki. Namna ya kuyatenganisha ni rahisi, na yafaa uijue hata kama hutalima kamwe. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, ungoje dakika chache bila kuitikisa. Ikiwa ni mnyauko wa bakteria, uzi mweupe kama maziwa utateremka kutoka penye jeraha. Kiazi chenyewe kikipasuliwa huonyesha pete ya kahawia, nayo ikibanwa hutoa usaha.

Lile swali la maneno matano lingepata majibu gani? Huhitaji kuwa mtabiri. Wa kwanza atasema: “Nyunyizia dawa ya ukungu.” Wa pili: “Ongeza maji.” Wa tatu: “Tia mbolea.” Wa nne: “Ng'oa vyote.” Chunguza vitenzi hivi, maana hapa ndipo penye kazi ya mhakiki. Vyote viko katika hali ya amri. Hakuna neno “kama”, hakuna “huenda”, hakuna “kwangu ilikuwa hivi”. Kila mmoja ameliona shamba lake mwenyewe katika neno “vinanyauka”, kisha ametoa amri juu ya shamba la mtu mwingine. Wote wanne wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja kwa jambo lililompata yeye. Na muulizaji anaweza kupotea kwa kumfuata yeyote kati yao.

Linganisha na jawabu hili: “Kwangu viliponyauka mwaka jana nilinyunyizia dawa ya ukungu, havikupona. Je, majani yako yana madoa?” Sentensi ya kwanza ni ushahidi, wala si amri, nao umebeba hata habari ya kushindwa. Sentensi ya pili inamrudishia muulizaji swali. Ninashikilia kwamba katika majibu yote ya namna hii, lililo bora ni lile linalorudisha swali, na kwamba kasoro kubwa ya maongezi ya ujumbe mfupi ni kulifanya jawabu la aina hiyo kuwa adimu. Mtu amepokea swali la mgeni njiani, anangoja gari, anajibu kwa kidole kimoja, anatia simu mfukoni. Hatajua kamwe kama viazi vile vilipona au vilioza.

Lugha yetu ilikuwa na desturi nyingine. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, wasomaji waliulizana na kujibizana kwa mashairi. Jawabu lilisomwa na watu wale wale waliosoma swali, na mjibu aliyekosea alijua kwamba toleo lijalo huenda likamletea mtu wa kumsahihisha kwa vina na mizani. Haya ya kukosolewa hadharani ilikuwa mwalimu mkali. Hata katika kitendawili asiyejua hulazimika kutoa mji ili apewe jawabu. Sisemi kwamba mkulima wa leo atoe mji, wala kwamba aandike kwa beti. Mnyauko haungoji mizani. Nasema tu kwamba jawabu lisilomgharimu mtoaji chochote, hata jina lake, huelekea kuwa jepesi.

Usidhani kwamba wepesi huu ni wa watu wa kijijini au wa watu wasiosoma. Mwaka 1845 viazi vya Ulaya viliharibika ghafla, na katika Ayalandi njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja. Huko Uingereza lilikuwako gazeti la bustani na kilimo, Gardeners' Chronicle, na mhariri wake alikuwa John Lindley, profesa wa elimu ya mimea. Barua zilimiminika. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi, hata umeme wa angani ulisingiziwa. Lindley mwenyewe alishika kwamba mvua nyingi na baridi ziliivimbisha mimea kwa maji ikaoza. Mtu aliyepinga alikuwa padri wa kijiji, Miles Joseph Berkeley, aliyepata kuyatazama majani yale kwa hadubini. Mwaka 1846 aliandika kwamba ule ukungu mdogo ndio uliosababisha uharibifu, wala haukuletwa na uharibifu. Wengi hawakumkubali. Ilipita miaka kumi na mitano hivi kabla Mjerumani Anton de Bary hajathibitisha kwa majaribio mwaka 1861 kwamba padri alisema kweli.

Angalia ni nini hasa kilichomtenga Berkeley na wenzake. Hakuwa na cheo kuwazidi. Profesa alikuwa na cheo zaidi. Hakuwa na wafuasi wengi. Wengi walikuwa upande mwingine. Alikuwa na jani mkononi. Hata hivyo nisingependa uwadharau wale waandishi wa barua, maana waliotaja mahali, tarehe, hali ya hewa na aina ya kiazi walisaidia kuonyesha jinsi ugonjwa ulivyosafiri. Waliokuwa mzigo ni wale walioruka moja kwa moja kwenye sababu na dawa.

Utanijibu kwamba nawaonea wakulima. Ujumbe mfupi mmoja wa simu hubeba alama 160 tu, wataeleza nini humo? Hoja yako ina uzito, na nimeijaribu kwa kalamu. Soma: “Kibirichia. Shangi, wiki 8. Miche michache imenyauka ingali mibichi, majani hayana madoa. Shina nililokata limetoa uzi mweupe majini. Nifanyeje?” Hesabu mwenyewe, alama zinabaki. Ndani yake mna mahali, aina ya kiazi, umri, kiasi cha uharibifu, dalili iliyopo, dalili isiyopo na jaribio lililofanywa. Walimu wa insha huwaambia wanafunzi kwamba ufupi ni fadhila. Kweli, lakini ufupi wa swali la kwanza ni wa mtu ambaye hajatazama, na ufupi wa swali hili ni wa mtu aliyetazama akachagua.

Bado liko jambo zito zaidi, nalo halitibiwi kwa ufundi wa kuandika. Swali hili la pili lina jawabu moja la kweli, na jawabu hilo ni chungu. Hakuna dawa ya kununua. Miche iliyougua ing'olewe pamoja na viazi vyake na udongo unaoishika, ipelekwe mbali na shamba. Mbegu isitoke tena katika shamba hilo, wala kwa jirani kwa sababu tu kiazi chake kinang'aa. Katika baridi ya nyanda za juu kiazi kinaweza kubeba bakteria bila kuonyesha dalili, kikaja kuuangusha mmea baada ya kupandwa mahali penye joto. Na shamba lipumzishwe viazi kwa misimu kadhaa, pamoja na nyanya, biringanya na pilipili, ambazo ni jamaa za kiazi na huugua kama chenyewe. Haya ndiyo watakayokuambia wataalamu wa kituo cha utafiti wa viazi cha Tigoni.

Mwenye ekari moja hapendi kuyasikia. Katika majibu kumi aliyopewa, tisa yanaweza kuwa na jina la chupa au pakiti, na moja linamwambia aache kulima zao analolijua tangu utoto. Ni rahisi kukisia atakalolichagua. Hapo wingi wa majibu humpa mtu ruhusa ya kuchagua analolipenda, naye huamini kwamba ameshauriwa. Daktari mmoja mkali angemkasirisha, lakini asingempa nafasi ya kuchagua uongo ulio mtamu.

Akikubali, hata hivyo, linazaliwa swali jingine, ambalo mtu wa Tigoni hawezi kulijibu kama wanavyoweza wenzake wa Kibirichia. Wako waliokwisha kuacha viazi kwa misimu miwili au mitatu, wakapanda njegere, kabichi, vitunguu au mahindi katika udongo uleule na baridi ileile. Hao hawahitaji hadubini wala glasi ya maji. Na awaulize sasa, kwa mfano wake wa kwanza au wa pili kama apendavyo: mlipopanda kitu kingine, mlipata gunia ngapi, na alikuja nani kununua?