Bakteria Wanaokula Mawe: Sasa Tunawaona Mpaka Ndani!

Watu wa Lubumbashi, hii haipaswi kutupita! Tangu kiwanda chetu kimimine shaba yake ya kwanza mwaka 1911, mawe ya Katanga tumeyachoma na kuyamwagia asidi ili kupata shaba. Wapo bakteria wanaoiweza kazi hiyo, na metabolomiki, yaani upimaji wa molekuli ndogondogo za mwilini, inatuonyesha yanayotokea ndani ya miili yao wakiwa kazini.

Mmoja wao, Acidithiobacillus ferrooxidans, hupata nguvu zake kwa kukinyang'anya chuma elektroni. Chuma hicho kikishabadilika, huishambulia salfidi ya shaba, yaani shaba iliyoungana na salfa, mpaka ikayeyuka. Nduguye, A. thiooxidans, hula salfa na kutoa asidi ya salfuriki. Hawataki sukari wala jua. Kaboni yao wanaivuta hewani. Viumbe gani hawa!

Mwaka 2013 watafiti wa kampuni ya BioSigma ya Chile na wenzao wa Japani walichapisha uchunguzi wa metaboliti za aina mbili za bakteria hao, Wenelen na Licanantay. Metaboliti ni molekuli ndogondogo zinazopita mwilini mwa kiumbe anapokula na kukua. Jeni zinasema bakteria ana uwezo gani. Metaboliti zinasema anafanya nini dakika hii hii. Na dakika ni nyingi mno: ATP, molekuli inayobeba nishati, hutumika na kuundwa upya ndani ya sekunde chache, kwa hiyo sampuli ikishatolewa tu lazima umetaboli wake usimamishwe papo hapo, mara nyingi kwa methanoli baridi kali. Ukichelewa, unapima njaa ya bakteria aliyekwisha kutolewa kazini. Kisha mashine hutenganisha molekuli kwa umeme na kupima uzito wa kila moja.

Zilizonisisimua ni mbili: glutathioni, inayowasaidia kuhimili sumu ya oksijeni, na spermidini, inayodhaniwa kuwasaidia kujenga utando wa kung'ang'ania jiwe. Hapo ndipo uboreshaji wa kazi yao unapoanzia! Katika rundo la mawe lililo wazi, bakteria uliyembadilisha jeni atashindana na wa porini, na huenda akashindwa. Lakini ukijua anapungukiwa na nini, unaweza kurekebisha virutubisho, hewa au joto, au ukachagua aina iliyo imara zaidi.

Wala si ndoto ya mbali. Kasese, Uganda, kuanzia 1999, bakteria waliyeyusha kobalti kutoka taka za mgodi wa Kilembe, ndani ya matangi yenye zaidi ya mita za ujazo 1,300 kila moja, kwenye nyuzijoto zipatazo 42. Rundo lililokuwa likichafua mazingira likageuka mali. Jirani zetu hao!

Kwetu kuna kikwazo kimoja kikubwa: dolomiti. Mawe mengi ya Katanga yamejaa kaboneti inayomeza asidi, na bakteria hawa bila asidi hawaishi. Kwa hiyo nisingeanza na kila jiwe. Ningeanza na salfidi za chini ardhini, zilizokwisha kutenganishwa na mwamba, hasa karoliti, yenye shaba na kobalti pamoja. Maabara ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, chupa mbili: moja Licanantay, nyingine bakteria waliokusanywa kwenye machimbo yetu. Sampuli zichukuliwe kila siku, zigandishwe mara moja, tuone nani anachoka kwanza na ni molekuli ipi iliyomwishia.