Makumbusho ya Kapenguria humkumbusha nani?

Neno 'makumbusho' tumelizoea mno hata hatulisikii tena. Wanafunzi wangu huliweka kapu moja na 'maonyesho', na kisarufi hawajakosea: yote mawili ni nomino zilizonyambuliwa kutoka kwa vitenzi vya usababishi, kumbusha na onyesha. Tofauti imo katika maana. Anayeonyeshwa kitu anahitaji macho tu. Anayekumbushwa sharti awe na kitu ndani yake tayari, ambacho kimelala na kinangoja kuamshwa. Mtu asiyejua jambo hukumbushwi, hujulishwa.

Kwa kipimo hicho, makumbusho mengi ya miji yetu midogo ni maonyesho. Chukua yale ya Kapenguria, Pokot Magharibi. Yalifunguliwa 1993 katika gereza walimozuiliwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko wakati wa kesi yao ya 1952 hadi 1953. Seli zimo, picha zimo, maktaba ya kuwaenzi wapigania uhuru imo. Pia kuna sehemu ya utamaduni wa Wapokot na Wacherangany. Ni kazi nzuri, na mwalimu wa historia anayewapeleka wanafunzi wake huko hapotezi nauli.

Lakini hebu tuulize, mwenyeji anakumbushwa nini? Kati ya sita hao hakuna aliyekuwa Mpokot. Serikali ya kikoloni iliuchagua mji huo kwa sababu ulikuwa mbali na taabu kufikika. Wenyeji waliona nini siku magari ya askari yalipoingia? Walimwitaje kwa Kipokot jaji, wakili, mshtakiwa? Hiyo ndiyo kumbukumbu ya Kapenguria. Nyingine ni ya Nairobi iliyopelekwa Kapenguria.

Na kuna kisa kimoja cha lugha ambacho kinastahili chumba kizima. Mkalimani wa mahakama katika kesi ile alikuwa Louis Leakey, mwanaakiolojia aliyejua Kikuyu tangu utotoni, na ambaye (kinaya gani hiki!) alikuwa msimamizi wa Makumbusho ya Coryndon, yaani Makumbusho ya Kitaifa ya leo. Upande wa utetezi, ukiongozwa na D. N. Pritt, ulidai tafsiri zake zina upendeleo. Leakey akajiondoa, kisha akarudi kufasiri nyaraka tu. Uhuru wa watu sita ulining'inia kwenye maana ya maneno, na aliyeyashika maneno hayo hakuwa wao.

Sasa tazama vibao vya maelezo katika makumbusho yetu. Vingi huandikwa kwa Kiingereza kwanza, na mara nyingi huishia hapo. Ukalimani wa 1952 unaendelea, ila safari hii hakuna wakili wa kupinga. Kibuyu cha maziwa cha Wapokot kikiandikiwa neno moja la kigeni, mengi yamepotea: majivu yanayotiwa ndani ni ya mti gani, nani huuchoma, kibuyu husafishwa vipi, na kila hatua ina jina gani. Nyanya aliyekitumia kibuyu hicho maisha yake yote atasimama mbele ya kioo kama mtalii, amngoje mjukuu amsomee. Hapo aliyepaswa kuwa mwalimu amegeuzwa mgeni.

Ati hakuna pesa? Makumbusho hayo yako chini ya Makumbusho ya Kitaifa, sawa, lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti, na Kifungu cha 7 kinaidai dola ikuze lugha za kiasili. Basi hakuna wa kusema hayamhusu. Wala sidai jengo jipya. Simu ya kurekodi sauti, wazee wachache wanaojua, na mwanafunzi mmoja wa isimu aliye Mpokot wakati wa likizo ndefu, vinatosha kwa kuanzia. Aandike Kipokot juu, Kiswahili kifuate. Kiingereza kiwekwe chini kabisa, kwa herufi ndogo, kwa ajili ya wageni.