Mkulima Yuko Wapi?

Idara ya Historia ya Dar es Salaam, chini ya Terence Ranger miaka ya 1960, ilijishughulisha kwanza kuthibitisha kwamba Mwafrika alikuwa na historia yake. Alipokuja Walter Rodney, swali likageuka: nani alinufaika? Kitabu chake cha 1972, kilichochapwa London na Dar es Salaam, kiliifanya historia ya uchumi kuwa roho ya idara. Nakisifu hadi leo. Lakini waliofuata njia hiyo, hata Temu na Swai katika uhakiki wao mkali wa 1981, walizungumza mno juu ya mfumo. Mkulima akabaki kama gunia la kahawa, la kupimwa na kusafirishwa.

Kwangu mimi, Kimambo ndiye aliyemrudisha mtu. Katika kitabu chake cha 1991 uchumi wa dunia unapanda milima ya Upare na kukuta watu wenye akili zao, wanaoikataa kodi ya mbiru miaka ya 1940, wanawake wakiwamo. Ila nacho ni cha Kiingereza (vyote vitatu, jamani!), na Mpare asiyejua lugha hiyo husimuliwa tu habari za babu yake.