Intaneti Inayosuasua Milimani: Namna ya Kutenga Hitilafu

Neno "mtandao", kama linavyotumika majumbani, hubeba mambo matatu yasiyofanana, na sehemu kubwa ya usumbufu wa intaneti isiyotumia waya hutokana na kutibu jambo moja kwa dawa ya jingine. Kipande cha kwanza ni mawimbi ya Wi-Fi kati ya simu na ruta, yaani kisanduku kinachopokea intaneti na kuigawa ndani ya nyumba. Cha pili ni mawimbi kati ya ruta hiyo, ambayo huwekwa laini kama simu, na mnara wa kampuni. Cha tatu ni safari ya data kutoka mnarani hadi kwenye mikongo ya baharini inayofika Dar es Salaam. Rangwi, kata ya wilaya ya Lushoto katika milima ya Usambara, ambako nyumba moja yaweza kukaa mgongoni mwa mlima na ya jirani ikawa bondeni, ni mahali panapofaa kuonyesha jinsi vipande hivyo vinavyotenganishwa.

Kinachopotosha wengi ni alama ya Wi-Fi kwenye kioo cha simu. Alama hiyo ikijaa husema tu kwamba simu inaisikia ruta vizuri. Haisemi lolote kuhusu mnara, kama vile mtu anayemsikia mkalimani wake waziwazi asivyoweza kujua kama mkalimani mwenyewe anamsikia mgeni. Ndiyo maana uchunguzi huanza kwa pingi, kipimo ambacho hutuma pakiti ndogo ya data na kuhesabu muda wake wa kwenda na kurudi. Pingi hutumwa kwanza kwa ruta yenyewe, kisha kwa kompyuta iliyo nje ya nyumba. Ruta ikijibu kwa milisekunde chache bila pakiti kupotea, huku jibu la nje likichelewa au kutofika, Wi-Fi haina kosa na hakuna sababu ya kuigusa.

Milimani, mara nyingi mshtakiwa ni kipande cha pili. Ukurasa wa mipangilio ya ruta huonyesha nguvu ya ishara ya mnara kwa desibeli, na kwa kuwa namba hizo ni hasi, 85 huwa bora kuliko 110: tofauti hiyo ya desibeli 25 ni ya zaidi ya mara 300 kwa nguvu halisi. Mgongo wa mlima unaokatiza kati ya mnara na nyumba hauzimi mawimbi yote, kwa sababu mawimbi hupinda kidogo yanapopita kileleni, na yale ya masafa ya chini, kama megahezi 800, hupinda vizuri kuliko ya megahezi 1800. Hivyo kuilazimisha ruta itumie masafa ya chini, pale inaporuhusu, kwaweza kuiokoa nyumba ya bondeni. Ukungu hulaumiwa bure, kwani katika masafa hayo hauna athari ya maana. Mikaratusi na migrevilea iliyolowa, ikiwa imesimama mbele ya dirisha, ndiyo inayonyonya mawimbi. Hata hivyo, anayesema mtandao hukatika mvua kubwa inaponyesha huenda hakosei: minara mingi ya mbali huunganishwa kwa mawimbi ya masafa ya juu kutoka kilele hadi kilele, na hayo huumizwa na mvua nzito.

Hapo ndipo lilipo fumbo la ruta ya laini, ambalo maelekezo ya kwenye maboksi hulipita kimya. Kwa ajili ya mnara, ruta inataka dirisha linaloelekea mnara huo. Kwa ajili ya Wi-Fi, inataka kukaa katikati ya nyumba. Kuiweka sebuleni nyuma ya televisheni, kama ilivyo desturi, ni kuikosesha yote mawili. Ukuta wa tofali za kuchoma hupunguza mawimbi, na bati huyarudisha kabisa. Suluhisho la kweli ni kuzitenganisha kazi hizo mbili: ruta ibaki dirishani, au antena ya nje ipandishwe kwenye mlingoti, kisha waya wa mtandao uvutwe hadi kisanduku cha pili kinachogawa Wi-Fi katikati ya nyumba. Ushauri maarufu wa kubadilisha chaneli za Wi-Fi una maana katika ghorofa za Kariakoo, ambako ruta nyingi hupigiana kelele. Mahali ambapo nyumba zimetawanyika shambani hauleti mengi. Umeme unastahili kuangaliwa kabla yake, kwa kuwa kila unapoyumba ruta hujizima na kuanza upya, na dakika moja au mbili za kuutafuta mnara huhesabiwa na wenye nyumba kuwa ni mtandao kukata.

Kipande cha tatu hakitibiki nyumbani. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu baharini, upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani; siku hiyo mwenye kuzungusha antena yake alijichosha tu. Dalili ya hali kama hiyo ni ishara nzuri ya mnara, simu za kawaida zinazopigika, na tovuti za nje zisizofunguka kwa watumiaji wa kampuni zaidi ya moja.

Saa ya tatizo nayo ni ushahidi. Katika kijiji cha Aberhosan, Wales, intaneti ya waya ilikatika kila siku saa 1 asubuhi kwa miezi 18, hadi mafundi walipogundua mwaka 2020 kwamba televisheni kuukuu iliyowashwa saa hiyo ilikuwa ikitoa kelele za umeme. Kwa mtumiaji wa laini, kuzorota kila jioni huashiria mnara uliolemewa na watumiaji wengi, jambo ambalo bando kubwa zaidi haliwezi kulirekebisha. Inafaa basi nguvu ya ishara na pingi ziandikwe asubuhi, mchana na usiku kwa wiki nzima, kisha karatasi hiyo ipelekwe kwa mtoa huduma. Asiporidhika na majibu, mtumiaji ana haki ya kupeleka malalamiko yake Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.